Ngozi ya Pijo

Mama si mtu wa simu. Akipiga hasemi hujambo wala haulizi watoto. Anatupa neno moja kama mtu anayemwaga maji ya vyombo nje ya mlango, kisha anakata. Siku hiyo alisema, "Gari ya baba yako imeonekana kwa mchanga. Kuja na spana zako zote." Kabla sijauliza mchanga gani, laini ilikuwa imekatika.

Nilikuwa dukani kwangu Makindu, mikono imezama ndani ya giaboksi ya lori hadi viwikoni. Ninauza spea kuukuu kando ya barabara ya Mombasa. Ni kazi ya uchafu, na mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, kwa hiyo tunaelewana, kazi na mimi. Mteja mmoja alikuwa amesimama pale akingoja stata. Akaniuliza, "Mama, kuna shida?" Nikamwambia shida ni yeye, arudi kesho. Kisha nikaketi juu ya tairi, nikaiacha giaboksi wazi. Sikuyatarajia hayo, maana kwa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba habari za yule mtu hazinihusu tena.

Yule mtu ni baba. Alikuwa na Pijo ya kubeba abiria, ile ndefu yenye safu tatu za viti, nyeupe, kuukuu hata siku hizo. Alikuwa akitoa watu Kyuso kuwapeleka Mwingi, na siku za bahati hadi Kitui. Nilipokuwa darasa la sita, msimu wa ile mvua kubwa ambayo watu wetu mpaka leo wanaiita Elinino, aliondoka asubuhi bila abiria, akasema anakwenda kutafuta brekipedi. Hakurudi. Gari nalo halikurudi. Mito yote ilikuwa imefurika, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kuvuka kwenda kuuliza. Maji yalipopungua, uvumi ulikuwa umeshavuka kabla ya watu.

Mtu akipotea peke yake, watu wetu wataamini mto. Akipotea na gari, hapana. Mto hauchukui Pijo, walisema. Pijo huchukuliwa na mwanamke. Mmoja alimwona Mombasa. Mwingine alimwona Voi akinunua mkate. Mwingine aliapa kwamba gari limepakwa rangi ya buluu na linabeba samaki. Shuleni watoto waliniuliza kama mama yangu wa kambo ni Mswahili, nami niliwapiga, na mwalimu akanipiga mimi.

Nduguze wawili, baba mkubwa na baba mdogo, walishika neno moja na hawakuliachia: ndugu yetu yuko hai, atarudi. Ukiwasikia ungedhani ni upendo. Lakini baba alikuwa na shamba la chini, lile lenye udongo mweusi karibu na mto, linalozaa ndengu hata mwaka ambao mvua imenyesha kwa kuibia, na tangu apotee ni wao waliolilima. "Tunamlindia," ndivyo walivyosema. Mama aliachiwa nyumba, zizi, na kipande cha mawe nyuma ya choo. Alipokwenda kwa naibu wa chifu kuomba barua ya kwamba mumewe amekufa, ili aende nayo kortini, aliambiwa wazee wa ukoo wakubali kwanza. Alipokwenda kwa wazee wa ukoo, yaani hao hao wawili, aliambiwa, "Hatuwezi kuzika mtu ako hai. Hiyo ni laana." Naibu wa chifu yule alistaafu, akaja mwingine, na jibu likabaki lile lile.

Kwa hiyo mama hakuwa mke na hakuwa mjane. Alichotaka kilikuwa kidogo: neno moja litoke vinywani mwa wale wawili, mbele ya serikali, kwamba ndugu yao amekufa. Shamba, hati, heshima, vyote vilikuwa nyuma ya neno hilo. Alilingoja mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

Nilipakia spana kwenye pikapu, pamoja na grainda ya betri, nyundo, turubai, na chupa ya dizeli niliyoichanganya na mafuta ya breki. Nikapita Kibwezi, Mutomo, Kitui, Mwingi. Sehemu kubwa sasa ni lami, na lami inakupa nafasi ya kufikiri, jambo ambalo sikulitaka. Nilifikiria mifupa. Nilijiuliza kama nitaijua nikiiona, na kama mtu hupaswa kuijua mifupa ya babake. Nilifika nyumbani jua likizama. Mama alinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na asubuhi tukashuka mtoni.

Mto wetu hauna maji sehemu kubwa ya mwaka; una mchanga. Na mchanga siku hizi ni mali. Malori yanatoka mbali, vijana wanachota kwa sepetu, serikali inakataza, malori yanaondoka yamejaa. Wamechota hadi mto umeshuka kupita kimo cha mtu, na kingo zimebaki na mizizi ikining'inia hewani. Huko chini ndiko sepetu ya kijana mmoja iligonga paa.

Nimeona magari mabovu mengi. Ndiyo maisha yangu. Sijaona kama lile. Paa lilikuwa limebonyea na kutoboka, ukiligusa linabaki vidoleni kama ukoko wa mkate ulioungua. Milango ya upande mmoja ilikuwa imeliwa hadi unaona ndani bila kuifungua. Sakafu haikuwepo. Viti vilikuwa springi tu. Kutu na mchanga vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja, jiwe jekundu lenye umbo la gari. Lakini zile taa za mbele, zile zilizokatwa pembe kama macho ya mtu anayesinzia, nilizijua. Niliziosha kila Jumamosi kwa kipande cha sabuni ya kufulia.

Sikuuliza. Mama alinijibu tu.

"Hakuna mtu ndani. Nimechunga mchanga yote."

Alikuwa ameazima chekeche la waya la vijana wa mchanga na kuchunga peke yake kila sepetu iliyotoka ndani ya gari, kama anayechunga unga wa uji. Alipata skrubu, vipande vya kioo na kifuniko cha tangi. Mfupa hakuna, kitambaa hakuna, hata soli ya kiatu. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika chote. Maji yaliyoingia pale yangeweza kutoka na mtu, na pia yangeweza kuingia yasimkute mtu. Hilo nililiona mara moja, na nikajua wazee wataliona pia.

"Sasa tunafanya nini?" nikamuuliza.

"Fungua."

"Nifungue nini?"

"Kila kitu yenye inaweza kutumika. Uweke kwa turubai, kwa laini, vizuri. Wazee wanakuja. Na naibu wa chifu nimemwita."

Nikamkasirikia. Nilimwambia sikutoka Makindu kuja kufungua duka juu ya kaburi la baba yangu. Akasema, "Nani amekuambia hii ni kaburi? Hiyo ndiyo tunatafuta. Fungua nati, mwanangu." Sikumwelewa. Lakini nilishika spana, maana ni afadhali kushika spana kuliko kusimama.

Chuma kilicholala mchangani miaka hiyo yote kimekwisha, usijidanganye. Ila si kila kitu kwenye gari ni chuma. Alumini huota unga mweupe, shaba hugeuka kijani, na chini ya hapo bado ni nzima. Silinda hedi ya Pijo ile ni alumini, na ganda la giaboksi vilevile. Rejeta ya kupoza injini ilikuwa ya shaba, imejaa udongo kila tundu. Difu, ile ya ekseli ya nyuma, ilikuwa bado na mafuta yake ndani, meusi na mazito, na nilipolegeza kifuniko harufu ya dukani kwangu ikanijia pale katikati ya mto. Kuna watu Makueni nzima ambao bado wanaendesha Pijo za pikapu milimani Mbooni kubeba maembe, na wangeichukua difu ile hata bila kuipangusa.

Nati iliyoshikwa na kutu haishindwi kwa nguvu. Ukiilazimisha inakatika kichwa, na hapo umeikosa kabisa. Unaigonga taratibu pande zote, unaimwagia dizeli, unaiacha ikae nayo, kisha unaikaza kidogo. Ndiyo, unaikaza. Inapodhani unakwenda upande wake ndipo inaachia, na wewe unageuza. Mama alikaa kwenye jiwe akinitazama nikifanya hivyo nati baada ya nati. Hakuuliza kwa nini nakaza kitu ninachotaka kukifungua.

Nilipoingia upande wa dereva kutoa usukani, niliona mambo mawili ambayo mtu asiye wa kazi hii angeyapita. Handbreki ilikuwa juu. Ilikuwa imevutwa hadi mwisho, na kutu ikaifungia pale pale. Na kwenye swichi hapakuwa na ufunguo. Ufunguo ule ulikuwa wa shaba, na shaba haiozi; ungekuwepo ningeuona. Tundu lilikuwa limejaa mchanga tu. Mtu anayepigana na maji havuti handbreki. Mtu anayezama hachomoi ufunguo. Aliyeliacha gari hili alilisimamisha mahali, akavuta breki, akachomoa ufunguo, akashuka, na mto ukaja kulichukua likiwa tupu.

Nilimchukia pale pale, kwa nguvu mpya. Kisha nilifurahi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kitu kidogo ndani yangu, cha umri wa darasa la sita, kilisimama kikasema: basi yuko hai. Niliendelea kuulegeza usukani. Mama alikuwa ametazama pembeni, nami sikumwambia kitu.

Baba mkubwa alikuja na mkokoteni wa punda. Hilo peke yake lilinitosha, kwani mtu haendi kumlilia nduguye na mkokoteni. Baba mdogo alibeba magunia matupu begani. Naibu wa chifu alifika nyuma yao kwa boda boda, kijana mwenye viatu safi, na jicho lake lilikuwa zaidi kwenye alama za matairi ya malori kuliko kwenye gari letu.

Mwanzoni walikuwa na heshima. Walilizunguka gari, wakavua kofia, wakatikisa vichwa.

"Aiya," alisema baba mkubwa. "Gari ya ndugu yangu. Sasa aliiacha hapa akaenda na miguu hadi wapi?"

Hata mbele ya gofu lile alihakikisha kwamba ndugu yake ana miguu. Niliinama kwenye nati zangu ili asione uso wangu. Mzee hakujua jinsi alivyoukaribia ukweli, na kama angelijua gari kama anavyomjua mbuzi, mama angekuwa amekwisha siku hiyo.

"Wazee, mnasema aje?" aliuliza naibu wa chifu. "Huyu mtu tuandike alikufa?"

"Alikufa?" Baba mdogo aling'aka. "Umeona mfupa? Hii ni gari imekufa. Mwenye gari ako."

Naibu wa chifu akarudisha mfukoni simu aliyokuwa ameitoa ili aandike. Nilimtazama mama, nikingoja alipuke, mimi ningelipuka. Hakulipuka. Alisimama akakung'uta leso yake.

"Ni sawa, shemeji," alisema. "Nyinyi ndio mnajua. Mimi shida yangu ni hizi vitu. Vijana wa mchanga wameziona. Zikilala hapa leo, kesho hakuna. Afadhali zikae kwa boma zenu mkimngojea."

Aliwakaza kidogo. Nililiona hilo na nikaacha kugonga.

Baba mkubwa alikuwa tayari ameinama juu ya turubai. Aligusa silinda hedi kwa fimbo. "Hii ni nini?"

"Hedi," nikasema. "Ni kama kusema kichwa cha injini."

"Kichwa?"

Kwetu mbuzi hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kuandika jina lake. Katika boma letu kichwa ni cha mkubwa, mguu wa nyuma ni wa anayemfuata, mbavu wanagawana, na mgeni hatoki bila figo. Mzee aliyekula mbuzi maisha yake yote haambiwi neno kichwa bure.

"Basi hiyo ni yangu," alisema baba mkubwa, akacheka. "Mimi ndio mkubwa hapa."

Mama naye akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka nao. "Kweli kabisa. Na mguu ya nyuma?"

"Mguu ya nyuma ni gani?" aliuliza baba mdogo, akisogea.

Walinitazama mimi. Nilisema mguu wa nyuma ni difu, kwani huko ndiko magurudumu ya nyuma yanashika. Baba mdogo akaikumbatia ikamwachia mafuta kifuani, akaiburuta hadi kwenye mkokoteni. Rejeta ikawa mbavu. Giaboksi ikawa tumbo, wakaligombania, mama akawaamua. Kabureta ilikuwa figo. Mama aliiinua akampa naibu wa chifu kwa mikono miwili, "Wewe mgeni wetu," na kijana akacheka akakataa, akisema yeye ana pikipiki tu. Vijana wa mchanga waliacha kuchota wakaja kutazama. Mtu angepita ukingoni angedhani kuna harusi. Mimi nilisimama na spana mkononi nikiwaona wanamkata baba yangu viungo kwa utani, na mama akiwashikia kisu, na nilitaka kuwapiga wote watatu.

Turubai lilipobaki tupu, mama alielekeza kidole kwenye lile bodi lililoliwa.

"Na ngozi?" aliuliza. "Ngozi ni ya nani?"

Baba mkubwa alikuwa akikifunga kichwa chake kwa kamba kwenye mkokoteni. Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa imejaa na moyo umefunguka, na mtu wa namna hiyo hugawa bila kufikiri kitu kisichomgharimu. Alijibu kwa Kikamba, kwa sauti ya ukarimu kabisa: "Ngozi huwa ya mjane."

Wazee wetu husimulia kwamba zamani, mbuzi wa matanga akichinjwa, ngozi yake ilipewa mke wa marehemu aikalie siku za maombolezo. Hata sisi tuliokulia kanisani tumelisikia hilo. Yeye alilisema kama mtu anavyomalizia methali ambayo mwingine ameianza.

Kamba ikasimama mkononi mwake. Nadhani alilisikia baada yetu sote.

"Umeniita nani, shemeji?" mama aliuliza.

Punda alikuwa akipiga kwato.

"Naibu wa chifu, wewe ni Mkamba. Umesikia ameniita nani?"

Kijana alikohoa. "Nimesikia, mama."

"Na mali ya mtu ako hai hugawanywa hivi? Kichwa kwa mkubwa, mguu kwa mdogo wake?"

"Haigawanywi."

Baba mkubwa alianza kuifungua kamba. "Narudisha," alisema. "Hii ilikuwa mchezo tu. Tulikuwa tunacheka."

"Kichwa ikishashikwa na mwenyewe hairudi, shemeji. Wewe ndio ulinifundisha hiyo maneno nikiolewa hapa."

Alibaki ameshika kamba. Sikumhurumia, na mpaka leo simhurumii. Lakini baba mdogo alikuwa ameketi juu ya mkokoteni kando ya difu yake, uso ndani ya viganja vyenye mafuta, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimewachukia kwa pamoja muda mrefu hata sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao huenda alikuwa akiamini kweli maneno yao, kwamba alilima shamba lile msimu baada ya msimu huku akiangalia njia.

Naibu wa chifu hakuwa mjinga. Aliwauliza pale pale, mbele ya vijana wa mchanga, na baba mdogo akajibu wa kwanza: ndugu yetu alikufa. Baba mkubwa alilisema kwa sauti ndogo hata ikabidi arudie.

Ndipo mama akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mwaka ule alipopotea baba. Wakati ule kulia kungekuwa kukubali. Sasa alijitupa mchangani kati ya gofu na mkokoteni, akaweka mikono kichwani, akaita jina la mumewe kwa sauti ambayo wanawake mashambani waliisikia wakatupa majembe. Walishuka ukingoni wakikimbia. Walimkuta akilia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo, nao wakalia naye bila kuuliza.

Ibada ilifanywa wiki iliyofuata. Mchungaji alisema hawezi kuzika kipande cha gari, na mama hakubishana. Kulikuwa na nyimbo, mahubiri marefu, na mbuzi wa kweli walioletwa na wale wale wawili, kwa sababu sasa walikuwa wafiwa na macho ya watu yalikuwa kwao. Ngozi ya Pijo ilibaki mtoni mpaka watu wa vyuma chakavu wakaipakia. Shamba la chini bado lina maneno kortini, lakini sasa ni maneno ya mjane, na jaji anayasikiliza.

Mchana baada ya ibada, wageni walipokwisha kwenda, tulikuwa tukisugua sufuria nje. Sikuweza kuendelea kunyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza.

"Mwaitu," nikasema. Ni 'mama' kwa Kikamba; namwita hivyo nikiwa na jambo zito. "Handbreki ilikuwa juu."

Aliendelea kusugua. "Niliiona."

"Na ufunguo..."

"Hakuna. Nilijua kabla hujatoka Makindu." Alichota jivu, akalipaka sufuria. "Unafikiria nilikuwa nachunga mchanga kutafuta mifupa? Mifupa maji inabeba. Nilikuwa natafuta ufunguo. Ningeipata, ningejua alikufa."

Nilimwambia labda alishuka kupima kina cha maji. Labda aliogopa kuvuka, akasimamisha gari, akaenda kutazama, na mto ukamchukua akiwa kwa miguu. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayejitetea polisi.

"Baba yako alikuwa anaacha ufunguo kwa gari hata akienda choo," mama alisema. "Tuligombana kwa hiyo maneno tangu aninunulie leso ya kwanza. Hiyo siku moja peke yake ndiyo aliitoa." Akaigeuza sufuria kuangalia kama imeng'aa. "Mimi nimezika. Wewe kama unataka kungoja, ngoja. Lakini usiniambie tena."

Sikumwambia tena. Nilirudi Makindu, nikafungua duka, nikagombana na wateja. Lakini kazi yangu hunipeleka Mombasa mara kwa mara kutafuta spea, na kule kuna wazee wa kila aina wanaokaa kwenye viti vya plastiki nje ya magereji, mikono yao myeusi kwa mafuta ya zamani. Ninawatazama. Ninatazama masikio yao, na namna wanavyoweka miguu. Juzi nilimfuata mmoja kutoka kituo cha mafuta, nikapita naye vichochoro, mpaka kwenye mlango wa nyumba yenye nguo za watoto zimeanikwa. Aligeuka akaniuliza kwa upole, "Unamtafuta nani, mama?"

Nikamwambia, samahani mzee, nimekufananisha na marehemu baba.